Nguo Zilizokataa Maji

Nilinunua mashine ya kufulia kwa sababu mama hakutaka nimfulie nguo zake. Majirani zetu hapa Same walidhani ni kujidai: mwalimu wa sekondari na mashine ya mlango wa kioo, wakati maji yenyewe yanatoka bombani siku mbili kwa wiki. Sikuwaeleza. Ningewaeleza nini?

Mama alishuka kutoka milimani mwaka aliofariki dada yangu mkubwa. Dada hakuolewa. Aliishi na mama kule juu, Upare wa kusini, na tangu mama apate kiharusi yeye ndiye aliyekuwa akimlisha, akimwogesha na kumfulia. Kisha akaugua yeye, wiki tatu tu, akaondoka. Tulipomaliza kuzika tulikaa mimi na dada yangu wa pili, aliyeolewa kijijini Bendera, kuamua mama aende wapi. Bendera mama alikataa. Alisema hawezi kukaa kwa mkwe wake akaonwa akiwa katika hali ile. Nikabaki mimi. Mke wangu alikuwa amehamishiwa kazi Tanga na alikuja kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili, mama na mimi, pamoja na mama jirani mmoja aliyekuja kukaa naye nikiwa shuleni.

Kiharusi kilimwachia mama upande wa kushoto tu. Kwa mkono huo mmoja alikula, alijifunga kanga, alisukuma kigoda chake mpaka barazani. Akili yake ilikuwa nzima kabisa. Mkojo ndio uliokuwa haumsikii tena. Zile pampasi za watu wazima zilimchoma kwa joto la huku chini, akazikataa siku ya tatu. Akarudia vitambaa alivyokuja navyo kutoka nyumbani, vipande vya taulo kuukuu na kanga zilizochakaa, ambavyo dada alikuwa amevikata na kuvikunja mwenyewe. Alivibadilisha peke yake, mlango ukiwa umefungwa, akichukua muda mrefu, nami nilikaa sebuleni nikijifanya nasahihisha madaftari.

Jumamosi moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta sakafuni bafuni. Alikuwa amelalia ubavu, beseni limepinduka, maji ya sabuni yamemzunguka. Kitambaa kimoja alikuwa bado amekikanyaga kwa mguu wa kushoto. Ndivyo alivyokuwa akivikamua: anakanyaga upande mmoja, anasokota upande wa pili kwa mkono.

Nilimwinua, nikamkalisha.

"Mama, kwa nini hukunisubiri?"

"Nikusubiri ufanye nini?"

"Nifue."

"Wewe ni mwanangu wa kiume. Hivi si vitu vya kushika wewe."

"Basi mama jirani atatusaidia."

"Yule tunasali naye kanisa moja."

Nikasema kwa kubahatisha tu, "Na kama vitafuliwa na mashine?"

Alifikiri. Maji yalikuwa yanamchuruzika kwenye nywele.

"Mashine haioni," alisema. "Sawa."

Mashine ilitoka Moshi, mtumba wa Ulaya, imeandikwa maneno ya lugha nisiyoijua. Ilifungwa na fundi wa majokofu anayeishi Lembeni, mtu wa makamo, mpole, anayeongea na vyombo anavyotengeneza kama anayebembeleza ng'ombe akamuliwe. Aliunganisha mpira kutoka kwenye tangi la uani, akaiwasha, tukaitazama ikizunguka tupu. Mama aliagiza asogezewe kigoda chake aone. Alitazama mzunguko wote, dakika arobaini na kitu.

Tukapatana namna ya kufanya. Vitambaa vikichafuka anavitia kwenye ndoo yenye mfuniko. Ndoo ikijaa anaisukuma kwa mguu mpaka mlangoni mwa chumba chake. Mimi naichukua, naiinamisha mdomoni mwa mashine, nafunga mlango. Natia sabuni. Vikishafuliwa naanika, maana safi aliniruhusu kuvishika. Na kila mara aliniuliza kutoka chumbani:

"Hukuangalia?"

"Sikuangalia, mama."

Na kweli sikuangalia. Niligeuza uso kila mara. Miezi ile yote nilitimiza ahadi hiyo, na ninasema hivi bila kujisifu hata kidogo.

Maji ya Same ni magumu. Ninafundisha kemia, kila mwaka nawaonyesha kidato cha pili jinsi sabuni inavyokataa kutoa povu kwenye maji yetu, na magamba meupe yanayobaki kwenye birika la chai. Vitambaa vya mama vilipokauka kwenye upepo wa huku vilikuwa vigumu kama vigae. Ungeweza kuvisimamisha mezani.

"Vinanikwaruza," mama alisema. "Kule juu havikuwa hivi."

Mke wangu alipokuja mwisho wa mwezi alileta chupa ya dawa ya kulainishia nguo, ile ambayo watu wengine huiita softena, ya rangi ya bluu, nzito kama uji mwepesi. Alinionyesha kwenye droo ya mashine mahali palipochorwa ua. Mimi nilidhani lile ua ni pambo tu. Tukatia, tukafua, tukaanika. Nilipompelekea mama kitambaa cha kwanza alikiminya, akakipitisha shavuni, akakiweka puani na kukaa nacho hapo.

"Kinanukia kama mtoto aliyetoka kuogeshwa," alisema.

Tangu tumzike dada nilikuwa sijamwona akifurahia kitu chochote. Chakula changu alikula kwa sababu lazima ale. Redio aliomba izimwe. Lakini harufu ile aliifurahia, akaanza kuiulizia: leo umetia ile ya kunukia? Nami ningefanya nini tena zaidi ya kutia? Kwenye sehemu ile ya ua palikuwa na mstari, nikaupita. Baadaye nikaona droo ni ndogo, nikawa namimina na nyingine moja kwa moja ndani, juu ya nguo. Nilitia kwenye mashuka yake, kwenye taulo, kwenye kanga zake za kukaa. Nyumba nzima ilinukia. Mama jirani alisema chumba cha mama yangu kinanukia kuliko cha bibi harusi, na mama akacheka, upande mmoja wa mdomo.

Kama mwezi wa tano hivi tangu ifungwe, mashine ilianza kutoa harufu nyingine. Ukifungua mlango, chini ya ile harufu ya maua unasikia kitu kama chungu kilichofunikwa kikiwa na maji ya juzi. Kwenye raba ya mlangoni yalitokea madoa meusi. Droo ilianza kunata, nikiivuta inatoka na utando wa kijivu. Maji yalichukua muda kutoka. Nikafanya nilivyoona inafaa: niliongeza dawa, ili harufu nzuri ishinde ile mbaya.

Wakati huo huo ndoo ya mama ilianza kujaa haraka. Zamani ilijaa mara moja kwa siku, sasa mara mbili, wakati mwingine tatu, na mashuka nayo yakawa yanalowa kila siku. Nilisema moyoni, ugonjwa unasonga mbele. Nilianza kujiandaa kwa hilo, na nadhani hata nilianza kumhuzunikia kabla ya wakati. Sikumuuliza. Naye hakusema. Kila nilipompelekea vitambaa alivipokea, akavinusa, akashukuru.

Siku mashine iliposimama ilikuwa imejaa maji, mlango umejifunga, na nguo zimeelea nyuma ya kioo. Nilimpigia fundi, akaja kesho yake asubuhi na basi la kwanza kutoka Lembeni. Mama alikuwa barazani anaota jua. Ningemrudisha ndani kwanza, lakini sikufikiri kabisa. Tukaiburuta mashine mpaka uani, fundi akalala chini, akafungua kichujio kilichoko kwa chini mbele, na maji yakamwagika, ya kijivu, yenye kutelezesha, yakapita kwenye vumbi hadi miguuni mwangu.

"Mwalimu," alisema, "umekuwa ukitia nini humu?"

Aliingiza vidole akatoa donge la ute, kama bamia iliyooza. Mlango ulipofunguka akaanza kutoa vitambaa kimoja kimoja, akivikung'uta na kuvitazama.

Nikageuza kichwa. Mama alikuwa anatutazama. Mwanamume mgeni alikuwa amesimama uani kwetu, mchana kweupe, ameshika vitambaa vyake mikononi. Mama alikishika kigoda kwa mkono wake mzima, akajigeuza taratibu, sehemu kwa sehemu, mpaka uso wake ukaelekea ukutani.

Fundi hakujua. Aliendelea kunieleza kwa upole wake, na mimi nilisimama pale nikimsikiliza kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

"Hii dawa ni kama mafuta, mwalimu. Kazi yake ni kuipaka nguo iteleze. Sasa ukitia nyingi, na maji yetu ya baridi, haiyeyuki yote. Inashika kwenye pipa, inashika kwenye mipira, inajibanza na ile chokaa ya maji na sabuni, kisha ukungu unapata chakula. Ona raba. Ona droo. Huku chini imeziba kabisa, pampu imekuwa ikisukuma ute mpaka imeungua. Na wewe uliposikia harufu uliongeza, sivyo?"

"Niliongeza."

"Wote wanaongeza." Alichukua kipande cha taulo kilichokuwa kwenye kamba tangu juzi, kikavu. "Njoo uone na hili."

Alichota maji kiganjani, akadondosha tone moja juu ya taulo. Tone lilisimama. Lilikaa pale juu ya kitambaa, duara, linang'aa kwa jua, kisha akainamisha taulo kidogo na tone likabingirika likaanguka chini. Taulo ilibaki kavu.

"Zinalainika, lakini hazinywi maji tena," alisema. "Za kufutia vyombo, za watoto, usitie kabisa."

Nilifundishwa chuoni, nikafundisha wengine, mafuta hayachangamani na maji. Nilisimama pale na ile taulo mkononi. Ndoo mara tatu kwa siku. Mashuka. Mama hakuwa amezidiwa. Nilikuwa nimempa vitambaa visivyonyonya kitu, akawa anakaa ndani ya maji yake mwenyewe, miezi, akinishukuru kwa harufu.

Fundi aliosha alichoweza kuosha kwa siki na maji ya moto, akasema pampu itabidi itafutwe Moshi, kama haipo basi Arusha, pengine wiki mbili. Alipoondoka alimuaga mama, "Kwaheri mama, naondoka," na mama hakuitikia.

Hakuitikia mtu siku nzima ile. Alikula vijiko vitatu. Jioni ndoo ilikuwa mlangoni mwake, imejaa, na mashine ilikuwa uani imefunuliwa matumbo. Niliichukua ndoo nikaenda nayo nyuma ya nyumba, nikafua kwa mikono. Nilisuuza mara tano, na bado maji yalitoka na utelezi.

Nikafanya hivyo siku tatu bila kusemeshwa. Siku ya nne mama alisukuma kigoda mpaka mlango wa nyuma akakaa pale. Nilisimamisha mikono.

"Endelea," alisema. Kisha baada ya muda, "Hukamui vizuri. Sokota."

Nilisokota.

"Bibi yako, mama yake baba yako," alianza, naye hakuwa mtu wa kusimulia, "nilimkuta hivi nilipoolewa. Hivi hivi nilivyo mimi. Nami nilikuwa msichana mdogo, sijazoea. Siku ya kwanza nilipopewa nguo zake nilikwenda nazo mferejini, ile harufu ikanishinda, nikaenda nyuma ya migomba nikatapika. Nikarudi nikafua. Nikafua miaka minne. Lakini siku ile alikuwa amekaa nyuma ya jiko, karibu na migomba, akanisikia."

"Alikwambia?"

"Hakuniambia. Lakini tangu siku ile mpaka anakufa hakunitazama usoni akinipa nguo. Alikuwa anatazama pembeni."

Nilikuwa nimeshika kitambaa kimoja mapajani, kinachuruzika.

"Mimi sijatapika, mama."

"Najua. Siku hizi tatu nimekuwa nasikiliza."

Akaomba nimpe kimoja. Nikamsogezea beseni, akakikanyaga upande mmoja, akasokota upande wa pili, nami nikamshikia. Tulifanya vyote hivyo.

Kesho yake, nikifua peke yangu na jua bado lipo, nilikuta kitambaa chenye doa. Si mkojo. Lilikuwa la manjano, na katikati kuna damu, na lilikuwa la siku nyingi, maana pembeni palikuwa na alama nyingine kama hiyo iliyofifia kwa kufuliwa. Nilichukua kingine, nacho kilikuwa na alama. Nilitazama vyote. Vilikuwa na alama karibu vyote, mwezi mzima au zaidi, vikiingia kwenye mashine na kutoka, nami nikivianika bila kuvitazama.

Nilikwenda chumbani kwake.

"Mama, una kidonda?"

Alitazama pembeni.

"Kidogo," alisema.

"Tangu lini?"

"Ulikuwa unafurahi," alisema. "Ulikuwa unaleta zile nguo na unafurahi."

Nilimwita nesi wa zahanati ya karibu, dada mmoja hodari ambaye wanawe wawili nimewafundisha. Walijifungia chumbani. Alipotoka alinawa mikono kwa muda mrefu, kisha akakaa.

"Kaka, ngozi imelowana mpaka imechubuka. Chini ya mgongo na mapajani. Kimoja kimeingia ndani. Na pengine hiyo dawa ya manukato imemuwasha pia, wazee ngozi yao ni nyembamba. Alikuwa hajasema?"

"Hakusema."

"Wanaona aibu," alisema. "Wengi tunawapata hivi hivi."

Tulivitupa vitambaa vyote. Nilichana mashuka mapya ya pamba, nikayachemsha mara mbili kwanza. Nesi alikuja kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Pampu ilipatikana Arusha, fundi akaifunga, na mashine ikafua tena, bila dawa, siki kidogo tu kwenye ile sehemu ya ua. Lakini sasa kabla sijaingiza nguo nilizitandaza kwanza na kuzitazama moja moja, na mama alijua, na hakuniuliza tena lile swali lake. Vidonda vidogo vilikauka. Kile kimoja hakikukauka.

Alipata homa wiki ya mwisho ya muhula. Hospitalini alikaa siku sita. Siku ya tano kilikuja kiharusi cha pili, na ya sita, saa nne asubuhi, nikiwa nimemshika ule mkono wa kushoto, alifariki.

Nilimuuliza daktari, na baadaye nikamuuliza nesi, kama ni kidonda. Daktari alisema moyo na presha ya miaka mingi. Nesi alisema, "Usijitese, kaka, si wewe." Nimewashukuru wote wawili. Nimelirudia swali hilo peke yangu mara nyingi, nikiwa nasahihisha, nikiwa nasubiri maji, na sipati jibu tofauti na lao, wala sipati kuamini.

Tulimzika juu, karibu na dada. Kulikuwa na ukungu siku ile na wakati wa wimbo wa mwisho waimbaji walikuwa hawaonekani vizuri, sauti tu. Siku ya nne baada ya mazishi, watu walipopungua, mimi na dada yangu wa Bendera tulichukua nguo za mama zilizobaki tukaenda kuzifua mferejini, zipate kugawiwa ndugu zikiwa safi. Maji ya kule ni laini. Sabuni kidogo tu ikatoa povu mpaka viwikoni, tukawa tunasuuza na kusuuza povu haliishi.

Nilimsimulia dada hapo, yote, tangu chupa ya bluu mpaka kidonda. Alisikiliza huku anafua. Nilipomaliza alikuwa ameshika sketi ya mama ya kanisani, ameacha kuisugua.

"Ungenipigia," alisema.

"Hakutaka ujue."

"Najua hakutaka. Ungenipigia hivyo hivyo."

"Ndiyo," nilisema. "Ningekupigia."

Hakusema si kosa langu. Alilia kidogo, akajifuta kwa bega maana mikono ilikuwa na sabuni, kisha akanipa upande mmoja wa shuka, tukalikamua pamoja, yeye akisokota kulia na mimi kushoto, tukalitandaza juu ya majani. Jua lilikuwa dogo. Tulikaa pale kando tukisubiri zikauke, na mchana ulipita bila kukauka, tukazibeba zikiwa mbichi.